Gheorghe Hagi na Waliompa Mpira

Maneno haya niliyazungumza kwenye semina ya makocha wa timu za watoto na vijana, Morogoro. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Vipande vya video nimeviacha, na pale vilipoonyeshwa nimeeleza kwa maneno.

Walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi wanangu mliokaa pale mbele, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mchezaji mmoja tu, nami nimemchagua Gheorghe Hagi wa Romania. Wa rika langu mlitegemea Pelé au Maradona, na ninyi vijana jina hili pengine ni geni kabisa. Tulieni. Leo tumwangalie mtu mmoja kwa muda mrefu, na tumwangalie kwa jicho la kocha, la ushabiki tuliache nje.

Tuanze na bao.

Ni tarehe 18 Juni 1994, Kombe la Dunia, uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, Marekani. Watu zaidi ya 90,000 wamekaa kwenye jua kali. Romania inacheza na Colombia, na Colombia hii ndiyo iliyokwenda Buenos Aires mwezi Septemba 1993 ikaibamiza Argentina 5-0 nyumbani kwake. Pelé mwenyewe alikuwa ameshaitaja kuwa inaweza kutwaa kombe. Florin Răducioiu anaifungia Romania bao la kwanza. Kisha, dakika ya 34, Hagi anapata mpira upande wa kushoto, karibu kabisa na mstari wa pembeni, mita 30 na ushei kutoka golini. Ananyanyua kichwa mara moja. Mabeki wanasubiri krosi. Kipa Óscar Córdoba naye anasubiri krosi, ameshasogea hatua chache mbele ya mstari wake. Hagi anaupiga kwa mguu wa kushoto. Mpira unapaa, unampita kipa juu ya mikono, unashuka ndani ya lango upande wa mbali. 2-0. Mechi ikaisha 3-1.

Mpaka leo watu wanabishana: alikusudia, au ilikuwa krosi ikapotea njia? Mimi sina shaka kwamba alikusudia, maana kupiga kutoka mbali ilikuwa kazi yake tangu utotoni. Lakini swali langu kwenu ni jingine. Mtoto wa miaka 14 kwenye timu yako akipiga golini kutoka pale, wewe mwalimu unamwambia nini? Unamwambia nini akikosa mara ya kwanza? Unamwambia nini akikosa mara ya tano?

Hagi alikosa mara nyingi sana. Aliyeona mechi zake nzima, si vipande vya mabao, anajua. Alipiga mipira iliyokwenda jukwaani, alitoa pasi zilizokatwa njiani, alipoteza mipira ambayo kiungo wa kawaida asingeipoteza. Na bado waliomzunguka waliendelea kumpa mpira. Hiyo ndiyo habari niliyoileta leo. Kila hatua ya maisha yake nitauliza swali moja: nani alimpa mpira?

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1965 katika kijiji cha Săcele, mkoa wa Constanța, kusini-mashariki mwa Romania, si mbali na Bahari Nyeusi. Ukoo wao ni wa Waaromani, watu waliotawanyika nchi za Balkani na ambao kwa vizazi waliishi kwa kuchunga kondoo. Hawakuwa watu wa mjini, hawakuwa na jina. Constanța ni mji wa bandari, na klabu yake ni Farul. Mtoto huyu aliingia Farul akiwa bado mdogo.

Sasa sikilizeni vizuri, walimu. Shirikisho la soka la Romania wakati ule lilikuwa na kituo mjini Bucharest kilichoitwa Luceafărul, ambako vijana bora kutoka nchi nzima walikusanywa wakafundishwa pamoja. Hagi alipelekwa huko akiwa na miaka 15. Kisha akarudi Farul, na akiwa na miaka 17 alikuwa tayari anacheza ligi kuu na watu wazima. Mwaka 1983 alihamia Bucharest tena, klabu ya Sportul Studențesc, timu ya wanafunzi. Sportul haikuwa kubwa kama Steaua, timu ya jeshi, wala Dinamo, timu ya wizara ya mambo ya ndani. Lakini pale alikuwa na kitu ambacho Steaua wakati ule isingempa kijana wa miaka 18: alicheza kila wiki, na mpira ulipita kwake.

Matokeo yake? Msimu wa 1984/85 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20. Msimu uliofuata akafunga 31, na Sportul ikamaliza ya pili. Kiungo, ndugu zangu. Huyu si straika wa kusubiri golini. Kiungo mabao 31.

Na timu ya taifa? Kocha alikuwa Mircea Lucescu. Tarehe 10 Agosti 1983, Oslo, dhidi ya Norway, Lucescu akampanga Hagi akiwa na miaka 18 na nusu. Mwaka uliofuata akamchukua kwenda Ufaransa kwenye michuano ya Ulaya. Akiwa na miaka 20 akamfunga kitambaa cha unahodha. Miaka 20! Kulikuwa na watu wazima kwenye kikosi kile, wenye majina na wenye ndevu. Huku kwetu kijana wa miaka 20 bado tunamwita chipukizi, tunamwambia asubiri zamu yake, abebe begi la mipira kwanza. Nani alimpa Hagi mpira? Lucescu alimpa. Kumbukeni jina la Lucescu, tutakutana naye tena, tena wakati Hagi anapomhitaji zaidi.

Lakini msifikiri Romania ya miaka ile ilikuwa bustani ya vipaji. Lazima niseme ukweli huu, nisipousema nitakuwa nimewadanganya. Nchi ilikuwa chini ya rais dikteta Nicolae Ceaușescu. Mchezaji hakuchagua klabu kama anavyochagua leo, na kwenda nje kucheza ilikuwa karibu haiwezekani. Hagi mwenyewe alihamishwa kwa namna ambayo leo ingepelekwa mahakamani.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1986 Steaua walitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mjini Sevilla wakiifunga Barcelona kwa penalti, ile fainali ambayo kipa Helmuth Duckadam aliokoa mikwaju yote minne. Hagi hakuwemo, alikuwa bado Sportul. Februari 1987 Steaua walikuwa wanakwenda Monaco kucheza Super Cup ya Ulaya na Dynamo Kyiv, wakamwomba Hagi kwa mechi moja. Mechi moja tu. Alikwenda, akapiga mpira wa adhabu uliozaa bao pekee, 1-0, kombe likaja Bucharest. Basi Steaua hawakumrudisha. Timu ya jeshi, na mtoto wa rais, Valentin Ceaușescu, alikuwa mtu wake wa karibu kabisa. Sportul wangemshitaki nani?

Pale Steaua akatwaa ligi mara tatu mfululizo, 1987, 1988 na 1989, na kufika fainali ya Ulaya ya 1989 kwenye uwanja wa Camp Nou, ambako Milan ya Gullit na Van Basten iliwachapa 4-0. Katika ligi ya nyumbani Steaua ilikaa zaidi ya mechi 100 bila kupoteza. Wengine huzisoma rekodi zile kwa fahari tupu. Mimi siwezi. Timu ilikuwa nzuri kweli, hilo halina ubishi, lakini iliegemea dola, na waamuzi nao walijua inaegemea dola.

Tena kulikuwa na waliokimbia. Beki Miodrag Belodedici, mmoja wa mashujaa wa Sevilla, Mserbia wa Romania aliyezaliwa karibu na mpaka, alivuka kwenda Yugoslavia mwishoni mwa 1988 na hakurudi. Nyumbani akahukumiwa kifungo akiwa hayupo, kwa kosa la uhaini. Kwa kosa la kwenda kucheza mpira! Mwaka 1991 akatwaa Kombe la Klabu Bingwa na Red Star ya Belgrade, akawa mchezaji wa kwanza kucheza na kushinda fainali za kombe hilo na klabu mbili tofauti. Naye mkumbukeni.

Desemba 1989 utawala ule ukaanguka. Milango ikafunguka, na wachezaji wa Romania wakatoka kwa wingi. Wengi wetu huku Afrika jina la Romania lilitufikia majira yale yale, Kombe la Dunia 1990, pale Bari, Roger Milla alipoingia akaifungia Cameroon mabao mawili na kuwafunga Waromania 2-1. Sisi tulikuwa tunacheza ngoma na Milla kwenye kona ya uwanja, hatukuwa na habari na waliofungwa. Ila waliofungwa walikwenda mpaka 16 bora, wakatolewa na Jamhuri ya Ireland kwa penalti. Na baada ya mashindano yale Real Madrid wakamsajili Hagi.

Hapa ndipo watu hukosea kumhukumu. Wanasema: alishindwa Madrid, kisha akashindwa Barcelona, basi hakuwa mkubwa kiasi hicho. Ndugu zangu, tuangalie. Madrid alikaa misimu miwili, 1990 mpaka 1992. Alifika kwenye chumba cha wachezaji ambacho tayari kilikuwa na wenyewe. Butragueño, Míchel, Hugo Sánchez. Mpira ulikuwa na njia zake za kupita kabla hajafika, na njia zile hazikupita kwake. Mabao yake 16 ya ligi pale si haba. Aliyoyafunga mengine ni ya kushangaza, likiwemo moja dhidi ya Osasuna alilopiga kutoka mbali mno, karibu na katikati ya uwanja. Lakini namba 10 anayepewa mpira mara chache atafanya nini? Atalazimisha. Kila akiupata atataka kufanya jambo kubwa, kwa sababu hajui utarudi lini. Mmeona watoto wenu wakifanya hivyo? Mtoto mbinafsi uwanjani, mara nyingi ni mtoto asiyepewa mpira.

Mwaka 1992 akaondoka Madrid. Akaenda wapi? Brescia. Timu ndogo ya kaskazini mwa Italia. Na kocha wa Brescia alikuwa nani?

Mmesema vizuri. Lucescu.

Lucescu alikuwa amewakusanya Waromania wanne pale: Hagi, Răducioiu, Ioan Sabău na Dorin Mateuț. Msimu wa kwanza, 1992/93, Brescia ikashuka daraja. Hebu fikirini. Ana miaka 28, ametoka Real Madrid, Kombe la Dunia liko mwaka mmoja mbele, na sasa anatakiwa kucheza daraja la pili. Angeweza kuondoka. Alibaki. Msimu wote wa 1993/94 alicheza Serie B, kwenye viwanja vidogo, dhidi ya mabeki ambao kazi yao ilikuwa kumpiga miguu, na Brescia ikapanda tena Serie A. Machi 1994 wakacheza Wembley fainali ya Kombe la Uingereza na Italia, mashindano ambayo hakuna anayeyakumbuka, wakaifunga Notts County 1-0.

Mimi nasema mwaka ule wa Serie B ndio ulioitengeneza Rose Bowl. Siwezi kuwaletea kipimo cha maabara, lakini mpira nimeuangalia maisha yangu yote. Mtu aliyekwenda Marekani Juni 1994 alikuwa amecheza kila wiki, alikuwa nahodha wa kila shambulizi, na alikuwa hana woga. Angebaki benchi la timu kubwa akipokea mshahara mkubwa, Colombia wangeletewa krosi.

Sasa nataka niwapeleke kwenye mechi ninayoipenda kuliko zote za Romania. Si ile ya Colombia. Ni ya Argentina, 3 Julai 1994, 16 bora, Rose Bowl palepale. Katikati, Romania ilikuwa imechapwa 4-1 na Uswisi, kisha ikaifunga Marekani 1-0 kwa bao la Dan Petrescu. Maradona alikuwa ameshatolewa mashindanoni kwa dawa zilizokatazwa. Na Romania nayo haikuwa na Răducioiu, straika wake, kwa sababu ya kadi.

Kocha Anghel Iordănescu afanye nini? Hakutafuta straika wa kuziba pengo. Alimsogeza mbele Ilie Dumitrescu, kiungo mwenye mbio, akawaacha Argentina waje, na kila mpira ulioporwa ukaenda kwa Hagi. Angalieni mabao. La kwanza, dakika ya 11, Dumitrescu anapiga mpira wa adhabu kutoka pembeni kushoto, unapinda mpaka ndani. Batistuta anasawazisha kwa penalti. Dakika mbili baadaye Hagi yuko kulia, anapenyeza pasi katikati ya mabeki, Dumitrescu anateleza na kuusukumia nyavuni. Pasi ile, wanangu, mkifika nyumbani iombeni kwenye simu za wazazi wenu muiangalie mara nyingi. Mabeki wako pale, wanauona mpira, na hakuna anayeweza kuugusa. Kisha dakika ya 58 zamu ikageuka: Dumitrescu anakimbia na mpira kwenye shambulizi la kushtukiza, anawavuta mabeki, anamwekea Hagi, na Hagi anapiga bila kutuliza. 3-1. Balbo akapunguza moja, ikaisha 3-2.

Mmeona? Hagi alimpa Dumitrescu, Dumitrescu akampa Hagi. Yule tuliyezoea kumwita Maradona wa Karpati, yaani wa milima ya kwao, jina ambalo binafsi silipendi kwa sababu linamfanya kivuli cha mwingine, siku ile ukubwa wake ulionekana katika kutoa na kupokea. Wiki moja baadaye, robo fainali na Sweden, sare 2-2, wakaenda kwenye penalti. Hagi alifunga yake. Kipa Thomas Ravelli akaokoa ya Petrescu, kisha ya mwisho. Aliyepiga ya mwisho alikuwa Belodedici. Yule aliyehukumiwa kwa uhaini, ambaye nchi mpya ilimsamehe na kumrudishia jezi, ndiye aliyebeba mkwaju ule. Akakosa, na Romania ikatoka. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili akimlaumu.

Baada ya hapo Barcelona wakamchukua. Kocha wao, Johan Cruyff, mwenyewe alimtaka. Na tena hadithi ikawa ile ile: Stoichkov yuko, Koeman yuko, Romário yuko, na kanuni za wakati ule ziliruhusu wageni watatu tu uwanjani. Juu ya hayo, majeraha. Misimu miwili, mechi 36 za ligi, mabao saba. Niyapite haya haraka, hayana jipya.

Mwaka 1996, akiwa na miaka 31, akaenda Uturuki, Galatasaray. Wengi walisema anakwenda kula pensheni. Kocha Fatih Terim alikuwa na maoni mengine: akamkabidhi timu. Utu uzima dawa. Ligi ya 1997 wakatwaa, 1998 wakatwaa, 1999 wakatwaa, 2000 wakatwaa. Minne mfululizo. Na tarehe 17 Mei 2000, mjini Copenhagen, fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Arsenal.

Naona mashabiki wa Arsenal mmeinamisha vichwa. Vumilieni kidogo.

Mechi ilikwenda 0-0 mpaka muda wa nyongeza. Dakika chache tu ndani ya muda ule Hagi na Tony Adams wakavutana, Hagi akampiga ngumi ya mgongoni, akapewa kadi nyekundu. Mwongozaji wa mchezo mzima, kwenye fainali kubwa ya Ulaya, ametoka na kuwaacha wenzake kumi.

Walimu, hapa sitamtetea. Mwezi mmoja baadaye, 24 Juni 2000, Brussels, robo fainali ya Ulaya dhidi ya Italia, alitolewa tena: njano kwa kumchezea rafu Antonio Conte, njano ya pili kwa kujiangusha kwenye eneo la hatari. Italia walishinda 2-0 na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya mashindano kwa Romania. Mtu aliyeichezea nchi mechi zaidi ya 120 na kuifungia mabao 35, rekodi ambayo baadaye Adrian Mutu aliifikia, akaaga kwa kadi nyekundu. Hasira hii alikuwa nayo tangu ujana, na waliomlea hawakuitibu kwa sababu alikuwa anawashindia mechi. Nani kati yetu hana mtoto mwenye kipaji anayemtukana mwamuzi, na sisi tunageuza uso pembeni kwa kuwa Jumapili tunamhitaji?

Kule Copenhagen wenzake kumi walimbeba. Wakazuia mpaka penalti. Kwa Arsenal, Šuker akagonga mwamba, Vieira akagonga mwamba. Na penalti ya ushindi ilipigwa na Gheorghe Popescu, Mromania mwenzake, ambaye pia ni shemeji yake. Wake zao ni ndugu. 4-1. Lilikuwa kombe la kwanza la Ulaya kwa klabu ya Uturuki. Agosti wakaongeza Super Cup kwa kuifunga Real Madrid 2-1 kule Monaco. Kocha wao siku hiyo? Terim alikuwa ameondoka, na aliyekaa benchi alikuwa Lucescu. Ndiyo, yule yule. Hagi akatundika daluga mwaka 2001, na Istanbul mpaka leo wanamwita Komandante.

Wachezaji wengi hadithi yao inaishia hapo. Ya Hagi, kwangu mimi, ndipo inapoanza kuwa kubwa.

Kwanza alijaribu ukocha wa kawaida. Mwaka huohuo wa 2001 alipewa timu ya taifa, akashindwa kuipeleka Kombe la Dunia. Slovenia waliwatoa kwenye mechi za mchujo. Akapita Bursaspor, akarudi Galatasaray na kutwaa Kombe la Uturuki 2005 kwa kuichapa Fenerbahçe 5-1 fainali, akapita Timișoara, akapita Steaua kwa muda mfupi. Alikuwa anaajiriwa na kuondoka kama makocha wote.

Na Romania? Romania ilikuwa inakauka. Baada ya Kombe la Dunia la 1998, pale walipoifunga Uingereza 2-1 kisha wote wakapaka nywele rangi ya dhahabu wakacheza na Tunisia, haikurudi tena Kombe la Dunia kwa miaka mingi. Kile kizazi kilikuwa kimezeeka na nyuma yake hapakuwa na mtu. Vituo vya zamani vya serikali vilikuwa vimekufa na hakuna aliyejenga vingine. Watu walikaa kwenye runinga wakilalamika. Mnawajua watu wa namna hiyo?

Mwaka 2009 Hagi akaenda Ovidiu, mji mdogo pembeni ya Constanța, karibu na alikozaliwa, akaanzisha kituo cha kulea vijana na klabu ya Viitorul. Alitia fedha zake mwenyewe, mamilioni ya euro, fedha alizozitoa kwenye miguu yake Madrid, Barcelona na Istanbul. Viwanja, mabweni, makocha, masomo. Mwaka 2012 Viitorul ilikuwa imeshapanda mpaka ligi kuu. Mwaka 2014 akakaa benchi mwenyewe kama kocha, na akawapanga watoto. Walifungwa, sana tu. Akawapanga tena. Cristian Manea aliichezea timu ya taifa ya wakubwa akiwa na miaka 16.

Mwaka 2017 watoto hao wakawa mabingwa wa Romania. Walilingana pointi na FCSB ya Bucharest, wakawazidi kwa matokeo ya mechi walizokutana. Klabu ya umri wa miaka minane! Fedha za kuiendesha zilitoka kwenye mauzo ya wachezaji hao hao. Aliwauza, kisha akapandisha wengine. Mwaka 2019 wakaongeza Kombe la Romania. Mwaka 2021 akaiunganisha Viitorul na Farul, klabu ya utoto wake, kwa kushirikiana na Popescu na Ciprian Marica. Mei 2023 Farul ikiwa nyuma 2-0 dhidi ya FCSB pale Ovidiu, ikageuza ikashinda 3-2, na ubingwa ukaenda Constanța.

Mzazi mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: kituo kinapimwaje, kwa makombe? Mama, nitakupa vipimo vyangu viwili.

Cha kwanza: tarehe 21 Juni 2019, Cesena, Italia, michuano ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 21. Romania na Uingereza. Mpaka dakika ya 75 hakuna bao. Mechi ikaisha Romania 4, Uingereza 2. Bao la kwanza alifunga George Pușcaș kwa penalti. Matatu yaliyobaki? Moja la Ianis Hagi, mtoto wa Gheorghe, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1998 baba yake akiichezea Galatasaray. Mawili ya Florinel Coman. Wote wawili wamepita Ovidiu. Timu ile ikafika nusu fainali na kuipeleka Romania Olimpiki, mara ya kwanza tangu 1964.

Cha pili: michuano ya Ulaya 2024 nchini Ujerumani. Kocha wa Romania ni Edward Iordănescu, mtoto wa Anghel, yule wa Rose Bowl. Mechi ya kwanza wanaifunga Ukraine 3-0. Mabao mawili yanatoka kwa Răzvan Marin na Denis Drăguș, waliopita Viitorul. Mechi ya tatu, Frankfurt, Slovakia wanaongoza 1-0. Ianis Hagi anaingia eneo la hatari, anaangushwa. Penalti. Anayeweka mpira chini ni Marin, mtoto mwingine wa Ovidiu, na anaupiga juu kabisa, nyavuni. 1-1, na Romania inaongoza kundi lake.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshaanza kunyanyuka. Tuanze na mwalimu wa timu za wasichana pale nyuma, kisha mzazi aliyeuliza habari za makombe, kama ana nyongeza.